Kabla ya Tamoksifeni, Uliza ER Ilipimwaje

Karatasi ya majibu ya uvimbe wa titi ikifika, macho hukimbilia neno moja tu: ni saratani au siyo. Mstari unaoamua dawa uko chini zaidi. Umeandikwa ER, kisha asilimia.

ER ni kipokezi cha estrojeni, na kazi yake hasa ni kuwasha jeni. Ni protini inayokaa ndani ya kiini cha seli. Estrojeni, homoni ya kike, ikijishika nayo, protini hiyo hubadili umbo, huungana mbili mbili, kisha hukamata DNA mahali penye herufi GGTCA, nafasi ya herufi tatu zozote, halafu TGACC. Jeni zinazotawaliwa na sehemu hiyo huanza kunakiliwa, ikiwemo ile ya saiklini D1 inayoisukuma seli igawanyike. Haifanyi kazi peke yake: protini nyingine, FOXA1, hutangulia kulegeza DNA iliyokunjwa. Bila FOXA1, ER hugonga mlango uliofungwa. Takriban saratani saba kati ya kumi za titi zina ER, na nyingi kati ya hizo hukua kwa kuitegemea.

Tamoksifeni, dawa ya saratani ya titi yenye ER, hukalia kiti cha estrojeni. (Ilitengenezwa Uingereza miaka ya 1960 ikitafutwa dawa ya kuzuia mimba; kwa hilo ilishindwa.) Kama ER haipo, kiti hakipo, na mgonjwa atameza vidonge apate madhara matupu. Na kama ER ipo lakini maabara imeandika haipo, amenyimwa mojawapo ya dawa nafuu kuliko zote za ugonjwa huu. Kosa hili la pili mara nyingi huanzia chumba cha upasuaji.

Kinyama kikishatolewa mwilini hakina damu, na vimeng'enya vyake vyenyewe huanza kuzitafuna protini. Kiingie kwenye fomalini, dawa ya kukihifadhi, ndani ya saa moja, na saa ya kutolewa na ya kuingizwa ziandikwe kwenye fomu. Fomalini iwe mara kumi ya ujazo wa kinyama, kwenye chupa ya mdomo mpana. Titi zima lisitumbukizwe kama lilivyo: fomalini hupenya polepole, na katikati patakuwa pameanza kuoza. Likatwe vipande vya unene wa milimita 5 hivi, na karatasi au shashi iwekwe katikati yake ili dawa ipite.

Fomalini yenyewe isimiminwe kali kutoka kwenye dumu. Lita moja ni mililita 100 za fomalini kali na mililita 900 za maji safi ya maabara, pamoja na gramu 4 za NaH2PO4·H2O na gramu 6.5 za Na2HPO4. Wanaoacha hizo chumvi mbili huishia na fomalini yenye asidi, na madoa ya kahawia yaliyozagaa kwenye slaidi.

Muda wa kukaa humo ni saa 6 hadi 72, hata kwa kinyama kidogo cha sindano. Anayekitoa baada ya saa mbili ili majibu yawahi, anakiacha kikamilishwe na alkoholi ya mashine ya kuandaa vinyama, na ER huweza kufifia. Sampuli ya Ijumaa jioni inayoguswa Jumanne nayo imepitiliza.

Kwenye majibu, seli za saratani 1% au zaidi zikishika rangi ya kipimo cha ER ni chanya. 1 hadi 10% huitwa chanya ya chini, na faida ya dawa hapo haina uhakika sana. Maabara nyingine huandika alama za Allred, 0 hadi 8, na chanya huanzia 3. Ukiona hasi, uliza swali moja: mirija ya kawaida ya titi iliyo pembeni ya uvimbe ilishika rangi? Baadhi ya seli zake hupaswa kushika. Kama hazikushika hata moja, hayo si majibu. Kipimo kirudiwe, kwa kipande kingine ikibidi.

Dozi ya tamoksifeni ni miligramu 20 kwa siku, miaka 5, wengine 10. Ini huigeuza kuwa endoksifeni, yenye nguvu zaidi, na dawa za sonona paroksetini na fluoksetini huzuia hatua hiyo, kwa hiyo daktari azijue. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au damu ikitoka ukeni baada ya hedhi kukoma, ni hospitali siku hiyohiyo. Dawa nyingine, anastrozoli na letrozoli, hupunguza utengenezaji wa estrojeni. Kwa anayepata hedhi hazitumiki mpaka ovari zizimwe kwanza.

Ugonjwa ukirudi, usitegemee majibu ya zamani. Kinyama kipya kikatwe ikiwezekana, maana ER huweza kupotea, au kubaki lakini imebadilika. Baada ya muda mrefu wa anastrozoli au letrozoli, jeni ya ESR1, inayotengeneza ER, huweza kupata mabadiliko kama Y537S au D538G, na ER ikabaki imewaka bila estrojeni yoyote. Kuendelea kupunguza estrojeni hapo hakusaidii. Zinahitajika dawa zinazoibomoa ER yenyewe, kama fulvestranti ya sindano au elasestranti ya kumeza, na badiliko hilo huweza kutafutwa kwenye damu.