Barua kwa Mwanangu: Mama Yule Akimbilie Wapi

Bombo

Mwanangu mpendwa,

Asalaam aleikum. Barua yako niliipokea pamoja na sura tatu za riwaya yako, nami nimezisoma mara mbili. Unaniuliza: mama yule uliyemweka katika boma la wafanyabiashara wa watumwa kule Patiko, katika nchi ya Waacholi kaskazini mwa Uganda, mwaka 1871, siku atakapotoroka, akimbilie wapi, na je, amwache mtoto wake? Nimechelewa kukujibu kwa sababu jambo hili linatugusa sisi wenyewe, na sikutaka kulijibu kwa haraka.

Nianze na mto. Umemvusha mto usiku, na ng'ambo umemwekea uhuru. Hilo, mwanangu, ni la Marekani. Margaret Garner alipotoka Kentucky na kuvuka mto Ohio uliokuwa umeganda, Januari 1856, ng'ambo ile kulikuwa na jimbo lisiloruhusu utumwa, ingawa sheria ya mwaka 1850 iliwapa mabwana haki ya kumfuata hata huko, na alipoona wamemfikia alimuua binti yake mdogo kuliko kumwona akirudishwa utumwani. Kwetu hapakuwa na ng'ambo ya namna hiyo. Kaskazini, alikokimbilia mtumwa wa Marekani, ndiko hasa walikopelekwa mateka wetu: kwa miguu, pembe za ndovu vichwani, mpaka Gondokoro, kituo cha biashara kando ya mto Nile, na kutoka hapo kwa mashua kuelekea Khartoum. Kusini nako, Buganda, misafara ya pwani ilikuwa ikinunua pembe na watu kwa nguo na bunduki tangu Ahmed bin Ibrahim alipofika kwa Kabaka Suuna mwaka 1844. Lugha hii ninayokuandikia ilikuja na misafara hiyo. Naipenda, lakini sitakuficha ilikotoka.

Basi akimbilie wapi? Kumbuka kwamba mwanamke aliyeolewa ana kwao pawili. Mama huyu wa riwaya yako alitekwa katika kijiji cha mumewe, kijiji ambacho umekwisha kukichoma moto katika sura ya kwanza. Lakini alizaliwa kwingine, kwa ukoo mwingine, na huko ana kaka zake. Kwa Waacholi mtoto wa dada ni mtu mwenye haki zake nyumbani kwa wajomba, na hata mtoto ambaye baba yake hakutoa mahari huhesabiwa na kulelewa huko. Nalitaja hili kwa sababu ya swali ambalo naona umelikwepa: mtoto huyu, uliyeandika kwamba alizaliwa bomani, ni wa nani? Ikiwa ni wa mmoja wa wale Kutoria, kama wazee wa Kiacholi walivyowaita watu wa Khartoum, basi hana ukoo wa baba wa kumpokea, na mlango wa wajomba ndio pekee uliobaki. Kwa hiyo amchukue. Simwoni mama huyu akifika kwa kaka zake mikono mitupu na kuulizwa ana watoto wangapi.

Wala usiufanye mlango huo uwe rahisi. Wako machifu waliopatana na Kutoria, wakashirikiana nao kuvamia majirani ili wapate mgao wa ng'ombe. Yeye atajuaje, baada ya miaka bomani, kwamba chifu wa kwao si mmojawapo? Hapo ndipo hofu ya riwaya yako ilipo, kuliko katika mbwa na milio ya bunduki.

Ile sura ya tatu inayomleta Samuel Baker, Mwingereza aliyetumwa na mtawala wa Misri kukomesha biashara ya watumwa, mwaka 1872 kufungua milango, iandike upya. Ni kweli alifika, akapigana na watu wa Abu Saud, mfanyabiashara wa Khartoum, hapo hapo Patiko, na mkewe Florence mwenyewe alikuwa ametolewa katika soko la watumwa la Vidin mwaka 1859. Mwaka 1873 Baker akaondoka. Mama wa riwaya yako awe amekwisha toroka kabla Baker hajafika.

Na yule mwenzake anayesaga mtama naye, anayekataa kutoroka, usimdharau. Lugard, afisa Mwingereza, alipowachukua askari wa Kisudani wa Selim Bey mwaka 1891 na kuwaleta Uganda, wake, watoto na watumwa waliofuatana nao walikuwa wengi mara kadhaa kuliko askari wenyewe. Sisi Wanubi wa Bombo, wazao wa askari hao, tunajua kuwataja mababu kwa vikosi vyao; tukiulizwa bibi zetu walitekwa wapi, wengi wetu hunyamaza. Sisi ni wajukuu wa yule aliyebaki. Mpe sura yake nzima, na umpe sababu zake: labda mguu mbovu, labda mtoto wa pili tumboni.

Jambo la mwisho ni nyasi. Umemtorosha Januari, wakati ambapo nyasi zimechomwa na mtu huonekana akiwa mbali sana. Msogeze hadi mwezi wa nane au wa tisa, nyasi zikiwa ndefu kumpita kimo, ingawa hapo atalowa na mtoto atakohoa. Kisha kabla hujaandika, nenda Patiko mwenyewe katika miezi hiyo. Funga mgongoni gunia la unga la kilo 10, uteremke kutoka kwenye mwamba wa Patiko jua likizama, utembee mpaka miguu ikatae, halafu uniandikie ulifika wapi.

Mama yako