Unaanza chuo na wewe ni kiziwi au una ulemavu? Omba mapema, tena kwa maandishi

Kila mwaka majina ya waliochaguliwa yakishatoka napata meseji za wazazi na wadogo zangu waliopangiwa vyuo hapa Tabora, na swali ni lilelile, hicho chuo kina huduma kwa viziwi? Mimi huwa nauliza kwanza, wewe unahitaji nini ili usome? Hapo wengi wanakwama, na siwalaumu hata kidogo, maana tangu shule ya msingi walikuwa wanawekwa mahali na kuambiwa kaeni hapa, hakuna aliyewahi kuwauliza wanaelewa vizuri kwa njia gani. Ila chuoni usipokuwa na jibu la hilo swali utaandikwa kwenye daftari kuwa mwanafunzi mwenye mahitaji maalumu na mambo yataishia hapo.

Mimi usikivu ulipotea nikiwa shule ya msingi baada ya kuumwa homa ya uti wa mgongo. Naongea, nasoma midomo kiasi, lugha ya alama natumia, na diploma nimesomea chuo kimoja hapahapa mjini ambacho kabla yangu hakikuwahi kupokea kiziwi. Kitu kimoja nilichokiona wazi ni kwamba watu wa chuo wengi sio wabaya, hawajui tu, na mtu asiyejua ukimwambia "naomba msaada" anakuonea huruma halafu basi. Ukimwambia "naomba mwalimu asifundishe akiwa ameangalia ubao" anajua afanye nini kesho asubuhi.

Kwa hiyo andika barua, na iandike kabla ratiba ya muhula haijatoka. Iende kwa mkuu wa chuo kupitia mshauri wa wanafunzi, nakala kwa mkuu wa idara na ofisi ya mitihani, na nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa pale masijala maana siku ukiulizwa ulisema lini unaitoa. Ambatanisha uthibitisho wa daktari. Kama umeomba mkopo Bodi ya Mikopo ukajaza fomu ya ulemavu inayosainiwa na mganga mkuu wa wilaya au mkoa, toa kopi kadhaa za hiyo fomu uzitunze, utaitumia sehemu nyingi kuliko unavyodhani.

Ndani ya barua usiandike historia ndefu ya maisha yako, andika vitu. Anayetumia kiti mwendo aandike naomba vipindi vyangu vyote viwe vyumba vya chini, hiyo chuo hakitoi hata shilingi, ni kubadilishana chumba tu, ila ratiba ikishabandikwa kila mtu atakwambia haiwezekani. Mwenye ualbino au uoni hafifu aombe kiti cha mbele mbali na dirisha la jua, na karatasi ya mtihani yenye maandishi makubwa. Asiyeona aombe notsi kwa faili la maandishi, na hapa mkazanie mwalimu kabisa, maana siku hizi mtu anapiga picha kurasa za kitabu kwa simu anazituma kwenye grupu la WhatsApp anaona amemaliza, kumbe NVDA (programu ya bure ya kompyuta inayosoma kwa sauti) ikikutana na picha haiisomi moja kwa moja kama maandishi.

Sasa kwetu sisi viziwi. Watu wanadhani akishapatikana mkalimani shida imeisha. Haijaisha, maana macho ni mawili na yanaangalia sehemu moja, ukimwangalia mkalimani huandiki, ukiinama kuandika umeshapitwa na sentensi tatu, kwa hiyo hata ukiwa na mkalimani omba pia mtu wa kukuandikia notsi, na huyo mtu chuo kimteue rasmi sio umtegemee rafiki, kwasababu rafiki anaumwa, anaenda msibani, mnagombana. Mkalimani naye ni binadamu, lekcha ya masaa mawili mtu mmoja mikono na akili vinachoka, wakiwa wawili wanapokezana. Apewe notsi siku moja kabla, mkae wote mkubaliane alama za maneno magumu ya kozi yenu, la sivyo atakuwa anatahajia herufi moja moja kwa vidole huku mwalimu yuko ukurasa mwingine.

Na mtu asikwambie Tabora hakuna wanaojua alama. Huu mji una shule ya viziwi tangu 1963, ya kwanza nchi nzima! AMUCTA (chuo kikuu cha Askofu Mkuu Mihayo) pale wanafundisha walimu wa elimu maalumu. Anzeni kuulizia huko, na CHAVITA ambacho ndo chama chetu viziwi, kabla chuo hakijaandika kwamba kimetafuta kimekosa. Mkalimani alipwe lakini, na chuo sio na wewe, bumu lako (hela ya kujikimu ya mkopo) ni la kula na kulala.

Matangazo ya mdomo yanatumaliza sana. Kipindi kimehamishwa, testi imesogezwa mbele, mwalimu anasema akiwa anatoka mlangoni na darasa zima limesikia isipokuwa wewe. Ongea na CR (kiongozi wa darasa) wiki ya kwanza, kila kinachosemwa akiandike kwenye grupu palepale. Kwenye chumba cha mtihani ndo pabaya zaidi. Mimi nimefanya mtihani ambao msimamizi alisimama akarekebisha namba kwenye swali kwa mdomo, mimi nimeinama naandika, nikakokotoa na namba ya zamani mpaka mwisho. Tangu hapo kwenye kila barua niliweka sentensi hii: marekebisho yoyote ya mtihani yaandikwe ubaoni na msimamizi aniguse bega. Inyanyue kama ilivyo uiweke kwenye yako.

Muda wa ziada nao ni haki ya kuombwa, sio upendeleo. Baraza la Mitihani lenyewe linawaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalumu kama wasioona na wenye uoni hafifu dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati na dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine, kwa hiyo mtu wa ofisi ya mitihani akikwambia kitu kama hicho hakipo mkumbushe alikotokea mwanafunzi huyohuyo mwaka jana.

Kwa wanaotumia mashine za masikio, jueni mvua za huku. Ikianza kupiga kwenye bati lisilo na silingibodi mashine inakuza mvua na mwalimu vyote pamoja, husikii kitu zaidi ya kelele na kichwa kinauma. Omba chumba chenye silingibodi, na mvua ikinyesha mwalimu aandike. Betri njoo nazo, zile zenye stika ukishabandua zimeanza kuisha hata kama hujaivaa mashine, usibandue mpaka siku ya kutumia. Kuna programu ya simu inaitwa Live Transcribe, inageuza maneno kuwa maandishi na Kiswahili inakijua, inasaidia mkiwa wawili kwenye utulivu, ila mwalimu anayechanganya Kiswahili na Kiingereza humohumo inachanganyikiwa, na diskasheni za chini ya mwembe watu sita wanaongea kwa mpigo ndo kabisa. Huko mwambie kiongozi wa grupu anayeongea anyooshe mkono kwanza ili ujue umwangalie nani. Wanazoea haraka tu.

Jioni umeme ukikatika hatuoni midomo wala alama, taa ya kuchaji iwe mali yako ya kwanza hosteli. Na mwenzako wa chumba mkubaliane ukitokea moto au fujo usiku anakuamsha vipi.

Ukikataliwa omba wakujibu kwa maandishi. Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu 2009, mwaka uliofuata ikatungwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010, na ule mkataba unasema wazi kumnyima mtu marekebisho yanayowezekana ni ubaguzi. Sikwambii uingie ofisini na sheria mkononi siku ya kwanza, utawafunga midomo watu waliokuwa tayari kukusaidia. Ila majibu ya "tutaangalia" yakifika wiki ya tatu nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri na chama chako, CHAVITA au SHIVYAWATA (shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu), na ile nakala yenye mhuri.

Muhula wa pili andika tena. Walimu wanabadilika, na barua ya Oktoba mwalimu wa Machi hajawahi kuiona.