Nilianzishiwa uchungu nikaishia thieta, nina shida?

SWALI: Shikamoo dada nesi. Mimba yangu ilipita wiki 41 na uchungu hakuna, wakaniwekea vidonge, baadae dripu, maumivu niliyapata kwelikweli lakini njia ikagoma sentimita 3, mwisho wakanipasua. Sasa mama mkwe anasema nilikuwa mvivu wa kusukuma. Na mtoto wa pili ntapasuliwa tena? – Mama Junior, Tanga

JIBU: Marahaba mdogo wangu, hongera kwa mtoto. Hilo la uvivu achana nalo kabisa, mtu anasukuma njia ikifika sentimita 10, we ulikuwa 3, ungesukuma nini? Mlango wa kizazi ukiwa bado mgumu, vidonge na dripu vinaweza kugoma, hasa uzazi wa kwanza, na hapo kuzidi kusubiri ni kumchosha mtoto na wewe mwenyewe.

Wa pili si lazima upasuliwe. Wengi wenye kovu moja la mkato wa kulala wanajifungua kawaida, ila kinachoangaliwa ni kovu la ndani kwenye kizazi sio la tumboni unaloliona, kwa hiyo rudi ulikozalia uombe maelezo ya opereshini uyatunze na kadi. Mimba nyingine ipe nafasi angalau mwaka na nusu, miwili ndo poa zaidi. Ukibeba, kliniki sema mapema una kovu, uzalie hospitali yenye thieta, na dawa za kienyeji za kuongeza uchungu usiguse maana kizazi kinaweza kuchanika.

Mshono ukitoa usaha au ukapata homa, wahi hospitali hata kama ni usiku.