Shangazi, nataka kutetea mahabusu ila sikusoma sheria

SWALI: Shikamoo shangazi. Nina miaka 26, nimesoma sosholojia na bado natafuta kazi. Kaka yangu alikaa rumande mwaka mmoja na miezi miwili, kila akipelekwa mahakamani kesi inatajwa tu, upelelezi haujakamilika, anarudishwa, mwisho kesi ikafutwa akaambiwa nenda nyumbani, hata pole hakupewa. Tangu hapo nataka kazi ya kubadilisha haya mambo ya haki jinai, dhamana, magereza. Mama anasema nitakufa njaa, marafiki wanasema kama sio mwanasheria hakuna atakayenisikiliza. Nianzie wapi? (Dada wa Mahabusu)

JIBU: Marahaba mwanangu. Pole kwa kaka yako na pole kwenu wote, maana anayefungiwa ni mmoja ila anayepanga foleni getini na mfuko wa sabuni ni ukoo mzima.

Hiyo ya digrii tuimalize haraka. Wakili anahitajika pale pa kusimama mbele ya hakimu, basi. Kwenye ofisi ya kutetea mahabusu niliyofanyia kazi mawakili walikuwa wachache kuliko sisi wengine, kulikuwa na mtu wa takwimu, mwandishi wa habari aliyechoka na gazeti lake, mhasibu, na mama mmoja mstaafu wa magereza ambaye ndiye alikuwa anajua kila kitu na hakuna aliyethubutu kutuma ripoti bila yeye kuipitia.

Chukua John Howard, Mwingereza, wala hakuwa wakili. Mwaka 1773 alipewa usherifu wa kaunti ya Bedfordshire, cheo kilichobeba na jukumu la gereza la pale, wenzake cheo hicho walikuwa wanakivaa tu, yeye akaingia gerezani kuangalia mwenyewe. Akakuta watu ambao mahakama imeshasema hawana hatia wanarudishwa ndani kwa sababu hawajamlipa msimamizi wa gereza ada zake, kwani msimamizi hakuwa na mshahara, aliishi kwa kuwakamua wafungwa. Howard akawaomba mahakimu wa pale wamlipe mshahara, nao wakamuuliza, haya, kaunti gani nyingine inafanya hivyo? Akapanda farasi kwenda kutafuta mfano, hakuupata, ila akarudi na habari nzito za kila gereza alilopitia, na mwaka 1774 akaitwa Bungeni kueleza, mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya kufuta zile ada kwa walioachiwa. Hasira alikuwa nazo, nina hakika, ila kilichomfikisha Bungeni ni lile swali la mahakimu. Na wewe utaulizwa hilohilo hadi ustaafu: wapi, wangapi, umejuaje.

Kwa hiyo anza na daftari. Kesi nyingi zinasikilizwa hadharani, hauhitaji kibali cha mtu kukaa benchi la nyuma. Chagua mahakama moja, nenda siku mbili kwa wiki kwa miezi mitatu, na kila kesi ya mahabusu andika kosa, tarehe aliyokamatwa, imetajwa mara ya ngapi, imeahirishwa kwa sababu gani, dhamana ilikuwa wazi au la na masharti yake, na nani hakutokea. Majina achana nayo, andika namba, hao ni watu na wana familia. Ukifika na daftari la namna hiyo kwenye usaili wa kazi, watasahau kukuuliza digrii.

Nakwambia hivi kwa sababu nilifanya kinyume na nikaumbuka. Mwaka wangu wa kwanza niliandika barua kali juu ya barua kali nikiwalaumu mahakimu kwa kuahirisha kesi ovyo, nikijiona jasiri kweli, mpaka yule mama mstaafu akaniambia kakae mahakamani wiki mbili halafu tuongee. Nilipoanza kuhesabu, sababu iliyojirudia kuliko zote ilikuwa “mshtakiwa hakuletwa”. Hakuletwa kwa nini? Gari la mahabusu lilikuwa moja na linahudumia mahakama tatu, na orodha ya nani anatakiwa wapi ilikuwa inafika kwa dereva asubuhi ileile saa mbili, imeandikwa kwa mkono, nusu haisomeki. Tulichofanya ni kumsaidia karani kuandaa orodha jana yake jioni. Hakuna aliyetupiga picha. Ila watu walianza kufika mbele ya hakimu.

Na siku nyingine nikakutana na mzee aliyepewa dhamana miezi saba nyuma na bado yuko ndani. Karatasi ya masharti alikuwa nayo mfukoni, imekunjwa na kukunjuliwa mpaka imekuwa laini kama kitambaa, hajui kusoma, na hakuna aliyewapigia ndugu zake kuwaambia wadhamini wawili wanatakiwa. Simu moja tu mwanangu.

Ndio maana nakushauri uangalie sana kazi ya usaidizi wa kisheria, watu wanawaita maparalego. Malawi walianza mwaka 2000 kuwaingiza magerezani, sio mawakili, watu waliofundishwa taratibu za kesi, wanawafundisha mahabusu kwa kuigiza mahakama, mmoja hakimu mwingine mshtakiwa, ili mtu ajue aseme nini siku yake ikifika, na wanaandaa majina ya waliokaa muda mrefu kupita sheria, hakimu anakuja gerezani kusikiliza kesi zao hukohuko. Duniani karibu mtu mmoja kati ya watatu walio magerezani bado hajahukumiwa, kwa hiyo kazi hii haiishi leo wala kesho.

Soma pia Kanuni za Mandela za Umoja wa Mataifa, zilianza 1955 zikafanyiwa marekebisho makubwa 2015, ziko 122, hizo ndizo zinazokataza kumfungia mfungwa peke yake zaidi ya siku 15 mfululizo. Mkuu wa gereza akikwambia hapa tunafuata utaratibu, muulize upi, kwa namba na kwa adabu, maana geti ni lake na wiki ijayo utataka kuingia tena.

Sasa mama. Mama yuko sahihi nusu. Njaa hautakufa ila mikataba mingi ni ya mradi, mfadhili akiondoka na kiti chako kinaondoka, na sehemu kubwa ya “uchechemuzi” (yaani kushawishi wakubwa wabadilishe mambo, neno la semina hilo, nje ya semina sijawahi kulisikia) ni kuandika maombi ya fedha na ripoti za matumizi usiku wa manane. Jifunze kuandika maombi mapema, anayejua hilo hakai bila kazi. Na habari ya kaka yako, kila mahali watataka uisimulie kwa sababu inaliza watu. Muulize mwenyewe kwanza kama anaridhia, na hata akiridhia usiisimulie kila siku, utajikausha.

SWALI: Shangazi mimi nilifungwa miaka sita, nimetoka. Nina rekodi. Hii kazi naweza kuajiriwa au ndio basi? (Nimetoka)

JIBU: Unaweza, tena wewe unajua vitu ambavyo sisi tunavitafuta kwa madodoso. Susan Kigula wa Uganda alikuwa amehukumiwa kunyongwa, yeye na wenzake zaidi ya 400 wakaipeleka serikali mahakamani, na mwaka 2009 Mahakama ya Juu ikakubali kwamba adhabu ya kifo ya lazima, ile ambayo hakimu hana chaguo lingine, ni kinyume cha katiba. Akasoma sheria ya Chuo Kikuu cha London akiwa hukohuko gerezani, akasaidia wenzake na kesi zao, akatoka 2016.

Ila uliza mapema kabla ya kusaini. Baadhi ya magereza hayamruhusu aliyewahi kufungwa kuingia kama mfanyakazi, na kuna ofisi zinagundua hilo siku ya safari, unabaki unakaa kwenye gari. Rekodi yako iseme mwenyewe kwenye usaili, usingoje waichimbe. Halafu angalia sana wanaokuita kwenye makongamano utoe ushuhuda, unalia, wanapiga makofi, wanakupa nauli. Wakikuita mara ya pili waulize nafasi iliyotangazwa ni ipi na mshahara wake shilingi ngapi. Mwenzangu mmoja alifanya hivyo mbele ya wageni kabisa, wakacheka kidogo, mwezi uliofuata akaajiriwa.

SWALI: Nyie mnawatetea wezi na wauaji, walioibiwa na waliouliwa ndugu zao nani anawatetea? (Mwenye Uchungu)

JIBU: Hasira zako nazielewa na sitakuhubiria. Jambo moja tu, mfumo unaoahirisha kesi mara kumi unamchosha na aliyeibiwa pia, naye anapanda gari kuja kutoa ushahidi na anarudi hajasikilizwa, nimewaona wengi mwisho wanaacha kuja na mwizi anaachiwa kwa kukosa shahidi.

Na wapo wenzetu wanaozifanyia kazi pande zote mbili, aliyekosa na aliyekosewa. Mwaka 1974 kule Elmira, Kanada, vijana wawili walifanya uharibifu kwenye mali za watu 22 usiku mmoja, ofisa aliyekuwa anawasimamia akapendekeza wapelekwe kwa wale watu mmoja mmoja, wasikilize walichoharibu na walipe. Hakimu akakubali. Wakagonga mlango baada ya mlango. Kwa mauaji siwezi kukwambia ni hivyohivyo, aliyefiwa asilazimishwe kukaa meza moja na mtu, na ofisi yoyote inayomlazimisha mimi nisingeifanyia kazi. Kama wewe ndiye uliyefiwa, niandikie tena, nitakuelekeza kwa wanaosindikiza mashahidi mahakamani, hiyo nayo ni kazi na watu wanaohitajika hawatoshi.