Kupanda Monadnock na watoto
Ndugu, umeuliza kama Mlima Monadnock kule New Hampshire, Marekani, unafaa kupanda na watoto, na kama mbwa wenu anaruhusiwa. Mbwa ni marufuku hifadhi nzima. Watoto wanaweza, ila msiudharau kwa kuwa una mita 965 tu. Njia ya White Dot ni kama kilomita 3 hadi kileleni, na huko juu mtakwea miamba mitupu kwa mikono na miguu, maana moto wa karne ya 19 uliteketeza miti, udongo ukasombwa. Mvua ikinyesha, tafadhali ahirisheni: mwamba ule huteleza vibaya. Kushuka, mimi napendelea njia nyingine, White Cross. Bebeni maji ya kutosha, na kila mtoto awe na sweta yake.