Usianze na Meli za 1788

Muhula wangu wa kwanza wa kufundisha historia na fasihi ya Australia nilianza na James Cook mwaka 1770, nikaja kwenye zile meli 11 zilizoleta wafungwa kutoka Uingereza mwaka 1788. Wanafunzi waliandika kila nilichosema, wakafaulu mtihani, na hakuna aliyebisha hodi ofisini kwangu kuuliza lolote. Ilinichukua muda kukubali kwamba kosa ni langu: nilikuwa nawaonyesha nchi ile kwa macho ya mtu aliyesimama melini.

Wewe unayekabidhiwa somo hili, anza kaskazini, pwani ya Arnhem Land, kwa Wayolngu, wenyeji wa asili wa huko. Kwa vizazi kadhaa wavuvi wa Makassar, bandari ya kisiwa cha Sulawesi katika Indonesia ya leo, walikuwa wakishuka huko na upepo wa msimu, wakivuna majongoo bahari, wakiyachemsha na kuyakausha pale pale ufukweni, kisha wakirudi kwao upepo unapogeuka. Soko lilikuwa China. Safari hizo zilikoma 1907, baada ya serikali kuwanyima leseni. Mwanafunzi aliyekulia Mafia humwelezi jongoo bahari ni nini.

Kisha andika ubaoni maneno mawili ya Kiyolngu: rrupiya, bandirra. Usiyatafsiri, subiri. Siku niliyojaribu mara ya kwanza, darasa zima liliyasoma kwa sauti, "rupia", "bendera", na binti mmoja aliyekaa nyuma akainuka kitini. Wayolngu waliyapata kwa Wamakassar. Sisi rupia ilitujia kutoka India na bendera kutoka kwa Wareno. Bahari ni ile ile. Maswali yaliyofuata yalimaliza kipindi.

Hapo pana mtego. Mwaka 1944 askari mmoja aliokota sarafu kwenye visiwa vya Wessel, karibu na pwani hiyo hiyo ya Arnhem Land, na tano kati yake zilikuwa za Kilwa. Wanafunzi wakisikia hivyo hutaka kuandika kwamba Waswahili walifika Australia. Wazuie mapema. Sarafu hupita mikono mingi, na hakuna aliyethibitisha zile zilifikaje. Mmoja nilimwachia akajenga tasnifu yake nzima juu ya dhana hiyo. Ilikataliwa, na hadi leo najuta kwamba sikumwambia.

Kwa vyanzo, fungua Trove, hazina ya mtandaoni ya Maktaba ya Taifa ya Australia. Magazeti ya zamani yamejaa humo, na kuyasoma ni bure. Ila wafundishe kwanza namna ya kuyasoma. Katika magazeti ya karne ya 19 ya Queensland, kaskazini-mashariki mwa Australia, watakutana na neno "dispersed", yaani walitawanywa. Mara nyingi maana yake ni kwamba polisi waliwamiminia wenyeji wa asili risasi. Mimi huwapa habari moja fupi waifasiri kwa Kiswahili, na wakifika kwenye neno hilo kalamu zote husimama. Tuandike "walitawanywa" au "waliuawa"? Tumewahi kubishana saa nzima, na sikuona sababu ya kuwakatiza.

Baada ya mabishano hayo ndipo nagawa mashairi ya Oodgeroo Noonuccal, wa kwanza miongoni mwa wenyeji wa asili kuchapisha kitabu cha mashairi, mwaka 1964. Zamani nilikuwa nayatanguliza, na wanafunzi waliyasoma kama huzuni ya mtu mmoja tu.