Maswali yenu kuhusu Futura

Safari hii nimekusanya maswali yanayohusu Futura na fonti za jamii yake: zile zisizo na vijimkia kwenye ncha za herufi, zinazoonekana kama zimechorwa kwa bikari na rula.

Nimesikia Futura ilikuwa fonti ya Wanazi. Niiache? (Mwanafunzi wa sanaa, Nairobi)

Usiiache kwa sababu hiyo. Aliyeibuni, Mjerumani Paul Renner, aliwapinga waziwazi. Mwaka 1932 alichapisha kijitabu dhidi ya siasa yao ya utamaduni, na walipotwaa madaraka mwaka 1933 walimkamata, akapoteza kazi yake ya kuongoza shule ya uchapaji mjini Munich. Futura ilikuwa imeshatolewa mwaka 1927 na kiwanda cha herufi cha Bauer, Frankfurt. Inaniuma kusikia jina lake likiunganishwa na watu waliomwonea.

Nachora nembo kwa kompyuta. O yangu ni duara kamili, mistari yote ina unene mmoja, lakini haipendezi. Nakosea wapi? (Mbunifu, Mwanza)

Ni huo ukamilifu wenyewe. Jicho halipimi kama rula. Mstari uliolala huonekana mnene kuliko uliosimama hata vikilingana, kwa hiyo hupunguzwa kidogo. O yenye kimo sawa na H huonekana fupi, kwa hiyo huachiwa ivuke mstari kidogo, juu na chini. Na pale tumbo la b linapoungana na mguu wake, weusi hurundikana. Futura hukonda hapo. Ikuze kwenye skrini utaona. Renner alianza na maumbo makali kweli: r yake ya mwanzo ilikuwa kijiti chenye kitone kando. Mengi ya hayo aliyaacha. Herufi zake kubwa, kwa upande wake, zinafuata vipimo vya maandishi ya Warumi yaliyochongwa kwenye mawe, ndiyo maana E na S ni nyembamba ilhali O ni pana.

Naweza kuchapia kitabu kizima cha hadithi kwa Futura? (Mchapishaji, Dar es Salaam)

Jalada, ndiyo. Kurasa za ndani, hapana. Herufi a ya Futura ni duara lenye kijiti tu, inakaribiana mno na o, na Kiswahili kimejaa a. Kwa maandishi madogo, "taka" na "toka" zitamchosha msomaji. Halafu andika "Ilala": I na l ni vijiti viwili vitupu vilivyosimama pamoja. Fonti hii ni ya maneno machache, makubwa, yenye nafasi ya kupumua.

Ni kweli ilifika mwezini?

Kweli. Kibao kilichoachwa huko na Apollo 11 mwaka 1969 kina maandishi ya Futura.

Sina hela ya leseni. Nitumie nini? (Mwenye duka la kuchapa kadi, Tanga)

Montserrat, ya Julieta Ulanovsky wa Buenos Aires, aliyeichota kwenye mabango ya zamani ya mtaa wake. Au Poppins, kutoka India. Zote ni za bure, hata kwa biashara.

Kwenye bango letu neno "ng'ombe" limekatika vipande viwili. Tufanyeje?

Kwa ile alama iliyo kati ya g na o, tumia iliyopinda, si ile ya kijiti kilichonyooka. Kisha isogeze o karibu nayo kwa mkono. Katika fonti za mviringo pengo hapo hutokea kubwa, na kwenye bango kubwa linaonekana kutoka mbali.